Parafujo, meza, gereza

Jumatatu moja, mvua za vuli zimekatika, aliingia mzee dukani kwangu hapa Ngamiani akataka parafujo. Kijana anayenisaidia akanigeukia. "Parafujo ndiyo nini?" Nikamwambia ampe mzee skrubu. Mzee akacheka, akasema sisi watoto wa siku hizi hata vitu tunavyouza hatuvijui majina.

Nauza vipuri vya baiskeli. Tanga ukiuza vipuri vya baiskeli hufi njaa, na hutajiriki pia. Mzee alikuwa na kitako cha baiskeli kilicholegea. Alipokuwa anapekua bakuli la skrubu nikaona mkono wake wa kulia umekosa vidole viwili, cha mwisho na cha pete. Sikumuuliza. Aliyekulia huku hahitaji kuuliza. Hiyo ni korona, na sisemi ule ugonjwa. Korona ya kwetu ni mashine ya kukwangua majani ya mkonge ili itoke singa, na ilikuwa inakula vidole vya watu tangu wazazi wetu hawajaoana.

Usiku ule lile neno liligoma kunitoka kichwani. Parafujo ni Kireno, parafuso. Wareno walipita hapa mlangoni petu. Mwaka 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tongoni, na mwaka uliofuata wakiwa njiani kurudi kwao waliichoma moto huku huku, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuiendesha. Waja leo waondoka leo, tunasema Tanga, ila wale walichelewa kuondoka. Walipoondoka walituachia maneno: meza, leso, bendera, karata, gereza. Na parafujo.

Sasa, yuko mtu ninayemsoma kwa miaka, tangu Julai 2010 alipokuja Dar es Salaam akiwa rais wa Brazili, nami nikasikia redioni kwamba alikuwa fundi mkereza vyuma. Luiz Inácio Lula da Silva. Kiwanda kilichomfundisha ufundi, akiwa kijana wa miaka 14 hivi, kilikuwa kiwanda cha parafujo.

Kilichonishtua siku ile redioni hakikuwa urais. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mkereza vyuma. Alianzia karakana ya shamba la mkonge njia ya Muheza, akamalizia mjini kwenye kibanda chenye leth moja ya zamani ambayo sauti yake naijua kuliko sauti za ndugu zangu wengine. Ile mashine inakikamata chuma, inakizungusha, fundi anasogeza kisu polepole mpaka kipande kinakuwa bushi, au mhimili, au bolti. Hesabu yake ni ya unywele. Mteja akija na kusema anataka "kama hivi", akionyesha kwa vidole, baba alikuwa anamrudisha: "Kama hivi ni ngapi?" Hakuanza kazi mpaka apate namba. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba mtu wa namna ile anaweza kuwa rais. Nilimjua kama mtu anayenuka oili na kula wali akiwa amesimama.

Jina Lula lenyewe ni la kufupisha Luiz, lakini kwa Kireno lula ni ngisi. Wavuvi wa soko la Deep Sea nimewaambia hivyo wakacheka mpaka wakakaa chini. Rais Ngisi! Na mwaka 1982 aliliingiza rasmi kwenye jina lake la kisheria, ili wapiga kura wamwone kwenye karatasi kwa jina wanalomwita.

Alizaliwa Oktoba 1945 huko Pernambuco, kaskazini mashariki ya Brazili, nchi kavu, ya watu maskini. Baba yake aliondoka kwenda kusini, Santos, kubeba magunia ya kahawa bandarini. Alikwenda na mwanamke mwingine, binamu ya mke wake, tena mjamzito, na huku nyumbani mke naye ana mimba ya Lula. Mtoto alimwona baba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kama mitano. Kisa ninachokipenda ni cha barua. Baba hakujua kusoma wala kuandika, hivyo barua za nyumbani alimwandikisha mwanawe aitwaye Jaime, aliyekuwa naye Santos. Siku moja Jaime akaandika yake: uza kila kitu, mke wangu, njoo na watoto. Mama akauza. Desemba 1952 akapanda nao lori la wazi, siku 13 njiani, wamekaa juu ya mbao. Wakafika, na baba akashangaa kuona wageni asiowaita. Nani kwetu asiyemjua baba wa aina hiyo? Mama huyo, watu wakimwita Dona Lindu, hakukaa sana naye. Alichukua watoto wake akaenda kuwalea mwenyewe.

Lula aliuza karanga na machungwa, akang'arisha viatu, akafanya kazi ya dobi. Kisha hicho kiwanda cha parafujo, na mafunzo ya ufundi ya SENAI, taasisi ya mafunzo ya viwandani, akatoka na cheti cha kukereza vyuma. Mara nyingi amesema kwamba cheti kile ndicho kilichombadilishia maisha. Namwamini. Baba alikuwa na cheti chake cha majaribio ya ufundi ndani ya fremu ukutani, juu ya picha ya harusi.

Mwaka 1964 Lula alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda kingine, kidogo. Kama anavyosimulia mwenyewe, parafujo ya presi, mashine ya kukandamiza chuma, ilikatika. Akachonga nyingine kwenye leth, akaingiza mkono kuifunga. Mwenzake aliyeshikilia mkono wa presi akaghafilika, presi ikashuka, ikakisaga kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akangoja mpaka asubuhi mwenye kiwanda alipofika ndipo akapelekwa kwa daktari. Daktari akakimaliza kukikata.

Kwa hiyo parafujo ile alikuwa ameitengeneza yeye. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

1964 huohuo, Aprili ilipokuwa inaanza, wanajeshi wa Brazili walikuwa wameshapindua serikali, wakakaa miaka 21. Na kwetu? Januari askari waliasi, na baada ya maasi hayo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa. Februari shirikisho lao, TFL, likavunjwa kwa sheria, likaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, katibu mkuu wake Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa waziri wa kazi. Tafadhali rudia kuisoma sentensi hiyo. Anayedai na anayedaiwa wamekaa kwenye kiti kimoja, tena ni mtu mmoja.

Mwaka uleule ndio mkonge wetu ulifika kileleni, tani kama 230,000. Ulianza na miche 62, ile iliyobaki hai kati ya 1,000 aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Baba alipenda kuisema hiyo 62. Ilikuwa namba ya namna yake.

Brazili nako vyama vya wafanyakazi vilikuwa mfukoni mwa serikali, tena tangu zamani, tangu enzi za rais Getúlio Vargas. Serikali ilikuwa na uwezo wa kumwondoa kiongozi na kuweka wake. Viongozi wa namna hiyo wafanyakazi waliwaita pelego, ngozi ya kondoo anayoikalia mpanda farasi ili asiumie makalio. Kwa punda wetu tungesema soji. Mzigo unakaa vizuri, punda hachubuki sana, na safari inaendelea.

Ndani ya chama cha aina hiyo ndiko Lula aliingia mwaka 1969, bila hamu. Siasa hakuzipenda, alipenda mpira. Aliyeombwa kugombea nafasi ni kaka yake, ambaye wote humwita Frei Chico, mkomunisti wa siri. Kaka hakuweza kwa sababu kiwandani kwake palikuwa na mjumbe tayari, akamsukumia mdogo wake. Mwaka huohuo Lula alioa, Maria de Lourdes, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mwaka 1971 mke akiwa mjamzito akaugua ini hospitalini, akafa, na mtoto akafa. Lula alibaki mtu aliyepasuka. Mimi sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Wanaume waliowahi kuzika mke na mtoto siku moja wako mitaa yote ya Makorora na hawaulizwi.

Mwaka 1972 akapewa kazi ya kudumu chamani: dawati la huduma. Wajane wanaofuatilia mafao. Wazee wa pensheni. Watu waliokatwa vidole wakitaka fidia. Waandishi wengi wanapita hapo mbio kwenda kwenye migomo, mimi hapo ndipo ninapotaka kukaa. Yeyote aliyewahi kufuatilia mafao ya baba yake anajua dawati hilo. Baba alipostaafu nilimpeleka ofisi fulani mara kumi na moja, nilizihesabu. Kila mara faili lilikuwa limepungukiwa karatasi moja, na kila mara siyo ileile. Fikiria upande wa pili wa dawati amekaa mtu aliyekosa kidole, anakusikiliza, anajua jina la fomu, anajua inakwenda chumba gani. Kwa miaka mitatu. Halafu mtu huyo agombee uenyekiti. Mwaka 1975 Lula alipata asilimia 92 ya kura na kuwa rais wa chama cha wafanyakazi wa chuma wa São Bernardo do Campo na Diadema, kwenye viwanda vya magari. Watu walishangaa amepata wapi nguvu. Kwenye faili.

Mwaka huohuo, Lula akiwa Japani kwenye mkutano wa wafanyakazi, kaka yake alikamatwa na kuteswa na dola. Lula alirudi mtu mwingine. Mpaka hapo alikuwa anaamini kwamba ukikaa mbali na siasa, siasa nazo zitakaa mbali nawe.

Kisha ikaja namba. Mwaka 1977 ilifichuka kwamba serikali ilipunguza makusudi takwimu ya kupanda kwa bei ya mwaka 1973, na kwa kuwa mishahara ilipangwa kwa kufuata takwimu hiyo, wafanyakazi walikuwa wameibiwa miaka yote hiyo. Chama kikapiga hesabu ya kilichopotea: asilimia 34.1. Hawakusema mishahara ni midogo "kama hivi". Walisema 34.1. Nikisoma hapo namwona baba na kalamu yake nyuma ya sikio.

Mei 12, 1978, kiwanda cha malori cha Scania. Mafundi wa chumba cha zana waliingia kazini kama kawaida, wakasimama kila mmoja mbele ya mashine yake, hawakuiwasha. Mikono wameikunja kifuani. Hapakuwa na bango wala wimbo. Meneja alikuta kimya. Mgomo ulikuwa umeharamishwa, lakini sheria haikujua la kumfanya mtu aliyefika kazini kwa wakati na kusimama. Ndani ya wiki chache viwanda vingine vikafuata. Kwamba walioanza ni mafundi wa zana hakunishangazi. Msukuma toroli wanapata mwingine kabla ya saa sita, mtu anayeshika unywele wanamtafuta kwa miezi.

Machi 1979 mgomo ukawa wa wote. Mkutano wa kwanza katika uwanja wa mpira wa Vila Euclides ulikusanya makumi ya maelfu, na hapakuwa na jukwaa wala vipaza sauti. Wakatafuta meza. Lula akapanda juu ya meza, akasema sentensi, walio mbele wakairudia kwa walio nyuma yao, nao wakairudisha nyuma, mpaka ikafika mwisho wa uwanja. Kisha sentensi ya pili. Mtu anayehutubia namna hiyo hana nafasi ya kupamba. Neno likiwa refu litafika nyuma limevunjika. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kusema, na hotuba zake za baadaye, za urais, zenye saa nzima na machozi, sikuzote nazisikia kama za mtu aliyepewa kipaza sauti na kusahau meza.

Serikali ikawaondoa viongozi. Lula akapendekeza wasimamishe mgomo siku 45 ili wajadiliane, na wapo waliokasirika, wakasema amewauza. Aprili 1980 wakagoma tena, siku 41. Tarehe 19 mwezi huo akachukuliwa nyumbani, akakaa gerezani siku 31. Akiwa humo, Mei 12, mama yake alifariki. Yule mama wa lori. Walimtoa akazike, askari wakiwa pembeni, akarudishwa.

Gereza: wanaojua lugha wanasema linatokana na igreja, kanisa. Labda kwa sababu jengo la kwanza la mawe ambalo watu wa pwani waliona Wareno wakijifungia ndani lilikuwa na msalaba juu. Sijui wafungwa wa Kireno wanacheka wakiambiwa hivyo.

Februari ya mwaka huo huo wa 1980 walikuwa wameshaanzisha chama cha siasa, PT, chama cha wafanyakazi. Kilichofuata nakipitia upesi. Aligombea ugavana wa São Paulo 1982 akashika nafasi ya nne. 1986 akaingia bungeni kwa kura zaidi ya 650,000. Urais akaukosa 1989, 1994 na 1998, akaupata 2002 kwa asilimia 61. Akaongoza mpaka mwisho wa 2010. Familia maskini zikapewa pesa kila mwezi kupitia mpango wa Bolsa Família, watoto wao wakitakiwa kuwa shuleni na kuchanjwa.

Lakini mwaka wake wa kwanza ikulu alipunguza mafao ya pensheni ya watumishi wa serikali, watumishi wakagoma, na wabunge wa chama chake waliompinga wakafukuzwa chamani. Pensheni! Yeye, wa lile dawati. Mwaka 2005 kashfa ya kununua kura za wabunge iliwanasa watu wake wa karibu. Baadaye mwenyewe alihukumiwa kwa rushwa, na Aprili 2018 akaingia gerezani tena, siku 580. Hukumu zilifutwa mwaka 2021, mahakama kuu ya nchi ikisema mahakama iliyomhukumu haikuwa na mamlaka na jaji hakuwa mwadilifu kwake. Oktoba 2022 akashinda tena, asilimia 50.9. Rafiki yangu mmoja muuza kahawa barabara ya kumi na nne anasema hukumu kufutwa siyo sawa na mtu kuwa safi. Mimi humwambia gerezani hukuenda wewe. Hatujamaliza huo ubishi na hatutaumaliza.

Ninachokitamani kwake ni ile miaka kumi na moja, 1969 mpaka 1980. Na ninaitamani kwa wivu, maana Tanga hapa tulikuwa na chetu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kilikuwa na nguvu mkoa huu kuliko pengine popote nchini, na kiongozi wake Victor Mkello akapanda kuwa rais wa TFL. Januari 1963 serikali ikamhamishia Sumbawanga. Hakukuwa na kesi. Ukitoka Tanga kwenda Sumbawanga unaikata nchi yote, kutoka chumvi mpaka karibu na Ziwa Tanganyika. Mwaka mmoja kabla, sheria zilizobana migomo zilipitishwa waziri mkuu akiwa Rashidi Kawawa, ambaye aliyajenga maisha yake ya siasa ndani ya TFL hiyohiyo. Sisemi Kawawa alikuwa soji. Alikuwa na nchi changa mkononi na mkonge ndio uliokuwa ukilipa bili. Ila chama cha wafanyakazi wa Brazili kilizaa chama cha siasa, na chetu kilimezwa na chama cha siasa, na sidhani watu wa kule walikuwa hodari kuliko wakataji wa Muheza na Korogwe. Adui wa kule alikuwa jenerali. Adui wa kwetu alikuwa ndugu, tena tunayempenda. Jenerali unamgomea. Ndugu unaanzia wapi?

Tena mkonge nao Wabrazili wametushinda. Wao ndio wa kwanza duniani sasa, wakilima Bahia na jirani zake, ukanda uleule mkavu aliotokea Lula. Huko wana kikorona kidogo cha kusukumwa shambani, wanakiita paraibana. Nacho kimekata vidole na mikono ya watu mpaka kimekuwa na sifa hiyo.

Yule mzee alirudi Alhamisi. Parafujo niliyompa ilikuwa fupi. Nikamkaribisha kwenye benchi, nikamtuma kijana kahawa, nikaanza kumsimulia habari za Ngisi. Alisikiliza ameinamia kikombe. Nilipofika kwenye presi na ule usiku wa kungoja mwenye kiwanda, aliuliza kitu kimoja.

"Walimlipa?"

"Walimlipa, mzee. Alimnunulia mama yake fanicha, na kiwanja."

"Kiwanja."

"Ndiyo."

Akaugeuza mkono wake juu ya goti, kiganja juu, kisha chini. Kijana akaleta boksi la skrubu ndefu. Mzee akachagua mwenyewe, moja moja, akizipima kwa kidole gumba, mpaka akaipata ya saizi yake. Nilikataa pesa. Akaiweka shilingi yake juu ya kaunta hata hivyo, akaenda kupanda baiskeli.